Ukoo wa Lord Delamere ulivyopata ardhi Kenya

Ukipita barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, utaliona shamba la Soysambu kando ya Ziwa Elmenteita. Ni la ukoo wa Delamere, wenye cheo cha kurithi kutoka Uingereza.

Lord Delamere wa tatu alifika Kenya mara ya kwanza mwaka 1897. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Wamasai walilikwepa eneo lile, wakijua mifugo haistawi. Kwetu Endagikot mgeni huwauliza wenyeji kwanza! Mifugo yake ilikufa kwa wingi, maana udongo ulipungukiwa madini.

Ndipo akachukua Soysambu. Malisho hayo mazuri yalikuwa matupu kwa sababu mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamasai Bonde la Ufa, wengine wakaenda Laikipia. Mwaka 1911 wakaambiwa wahame Laikipia pia. Walishtaki, mwaka 1913 mahakama ikaitupa kesi, eti mikataba ile ilikuwa ya mataifa mawili.

Delamere alifariki 1931. Akarithi mwanawe Thomas, kisha mjukuu Hugh. Uhuru ulikuja 1963, na Soysambu ikabaki mikononi mwa ukoo. Leo ni ranchi na hifadhi ya wanyamapori.