Gabbar Singh alikufa au alikamatwa?

UKITAKA kuwagombanisha watu wazima wawili waliokulia Dar es Salaam, Tanga au Unguja, acha habari za Simba na Yanga. Waulize mwisho wa picha ya Sholay. Mmoja atakuapia kwamba Thakur, yule mzee aliyekatwa mikono yote miwili, alimkanyaga Gabbar Singh kwa viatu vyenye misumari na hatimaye akamuua. Mwenzake atacheka na kusema huyo hajaiona picha, amesimuliwa tu. Gabbar hakufa, polisi walifika dakika ya mwisho, wakamsihi mzee aiachie sheria ifanye kazi yake, adui akachukuliwa. Nimeusikia ubishi huu kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala, na mara moja hata msibani. Kila mmoja ameiona picha kwa macho yake mawili, wala hakuna anayesema uongo.

Maelezo yake ni haya. Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy, ilitolewa nchini India tarehe 15 Agosti, 1975. Mwezi Juni mwaka huohuo serikali ya Indira Gandhi ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Wakaguzi wa filamu hawakupendezwa kumwona Thakur, ambaye katika kisa hicho aliwahi kuwa ofisa wa polisi, akijichukulia sheria mkononi. Wakaagiza mwisho ubadilishwe. Ukapigwa mwisho mwingine, wenye polisi, na huo ndio uliooneshwa katika majumba ya sinema. Ule wa kwanza haukuteketezwa. Mwaka 1990 ulitoka katika mikanda ya video nchini Uingereza, na kila mwenye deki anajua kwamba mkanda hauombi viza. Juni 2025, zikikaribia kutimia sherehe za miaka 50 ya picha hiyo, Sholay iliyosafishwa upya ilioneshwa mjini Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wake wa asili. Aliyelipa kiingilio sinema alimwona Gabbar akikamatwa. Aliyepata mkanda ule mwingine alimwona akifa. Waamuzi wa vijiweni watoe sare.

Nimeanza na Gabbar, msikilizaji, kwa sababu mimi ni mpenzi wa filamu ambaye karibu elimu yake yote ya filamu ameipata sebuleni, tena mara nyingi sebule ya jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa shule ya msingi, majumba ya sinema yalikuwa yameanza kudorora na deki za video zilikuwa zimekwisha ingia mitaani. Seti ya inchi 14 iliwekwa juu ya kabati, watoto mkekani, wakubwa kwenye makochi, na wasio na nafasi dirishani. Hapo ndipo tulipowajua kina Bruce Lee, Schwarzenegger na Amitabh Bachchan, na hapo ndipo tulipotoa hukumu: hii picha kali, hii haina steringi, hii ya kulala. Hukumu hizo tunazo mpaka leo, tena tunawarithisha watoto. Ninachotaka kueleza juma hili ni kwamba filamu inapotoka sinema kuja nyumbani, mara nyingi haifiki nzima. Kabla hujasema picha fulani ni mbaya, ni haki kujua uliletewa kiasi gani cha picha hiyo.

Tuanze na upana, maana hapo ndipo tuliponyang'anywa zaidi. Televisheni za zamani zilikuwa karibu na mraba, upana wa nne kwa kimo cha tatu. Filamu za kale nazo zilikuwa na umbo karibu na hilo, kwa hiyo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilianza pale televisheni ilipowavuta Wamarekani wabaki nyumbani. Makampuni ya filamu yakatafuta kitu ambacho seti ya nyumbani haitaweza kukitoa, nayo 20th Century Fox, mwaka 1953, ikatoa The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, skrini ambayo upana wake unazidi mara mbili ya kimo. Wengine wakafuata. Waongozaji wakajifunza kuupanga upana huo kama mtu anavyopanga meza ndefu ya karamu, huyu ncha hii, yule ncha ile, na katikati jangwa au ukimya.

Miaka ikapita, makampuni yaleyale yakaziuza filamu zilezile kwa televisheni, na baadaye kwa mikanda. Fundi wa kunakili akawa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuiacha picha nzima na kuweka vipande vyeusi juu na chini. Watu hawakuvipenda, walisema wameibiwa kioo. Njia ya pili ni kukijaza kioo kwa kuzikata pembeni. Hesabu yake si ngumu. Picha yenye upana wa 2.35 kwa kimo cha 1, ikikijaza kioo cha 1.33 kwa 1, hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya upana wake. Fundi alikuwa na dirisha dogo alilolisogeza kushoto na kulia akimfuata anayesema. Asiyesema alibaki nje.

Chukua The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone, ya mwaka 1966. Mwisho wake uko makaburini, mahali palipotengenezwa huko Hispania kwa ajili ya filamu hiyo, penye kiwanja cha duara katikati. Clint Eastwood, Lee Van Cleef na Eli Wallach wanasimama pembe tatu, kila mmoja akiwaogopa wawili. Muziki wa Ennio Morricone unapanda, na kwa dakika kadhaa hakuna anayefanya jambo ila kutazamana. Utamu wote upo katika kuwaona watatu kwa pamoja, mbali mbali, na wewe mtazamaji kupiga hesabu ya nani atamgeukia nani. Katika mkanda wa mtaani kwetu walionekana wawili, wakati mwingine mmoja na bega la mwingine. Tukabaki kuuliza mbona hawapigani, hawa wanangoja nini? Nilipokuja kuiona yote kwa upana wake, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, nilisimama kwenye kochi. Kwa maoni yangu hakuna mwisho wa filamu ya kombati unaoupita huo, na aliyeuona kwenye mkanda uliokatwa hajauona.

Nikumbushe kwamba Sholay yenyewe ni kinyume. Ilipigwa kwa filamu ya kawaida ya milimita 35 yenye umbo la karibu na mraba, kisha ikakatwa juu na chini ili itoshe skrini pana ya milimita 70. Zipo nakala za nyumbani ambazo zina anga na ardhi zaidi ya walivyoona watu wa sinema. Mambo ya filamu hayana kanuni moja.

Jambo la pili ni kasi, na hili huwashangaza wengi. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde moja. Mfumo wa televisheni tulioutumia Afrika Mashariki ni PAL, ambao huenda kwa picha 25. Mafundi waliona rahisi zaidi kuiendesha filamu mbio kidogo ili ilingane. Tofauti ni asilimia 4 hivi. Filamu ya dakika 100 iliisha kwa dakika 96, na sauti za waigizaji zilipanda kidogo kuwa nyembamba. Ngumi za Bruce Lee zilikuwa za kasi kwelikweli, lakini katika mikanda ya PAL tuliongezewa.

Kuhusu urefu sitakawia. Mkanda uliozoeleka ulibeba saa tatu. Titanic ya mwaka 1997 ina saa tatu na takriban robo saa, ndiyo maana iliuzwa kwa mikanda miwili. Sholay yenye mwisho wa kwanza ni dakika 204. Mtaani, mwenye kunakili alipoona mkanda mmoja hautoshi alikuwa na mkasi wake: zilikatwa nyimbo. Na kumkatia mtu nyimbo katika picha ya Kihindi ni kumpa pilau bila nyama. Juu ya mkasi huo palikuwa na mkasi mwingine, wa mzee mwenye rimoti. Wapenzi wakianza kusogeleana, mjomba alipeleka mbele, watoto wakatazama dari, na hadithi ikarukwa. Wapo watu wazima leo ambao hawajui jinsi kile kidani cha buluu cha Titanic kilivyohusika na ile picha iliyochorwa, kwa sababu dakika hizo mjomba alizipeleka mbele. Simlaumu. Nyumba ina adabu zake, na sinema haikuwa na bibi aliyekaa kiti cha nyuma.

Tena palikuwa na mtafsiri. Hapa nchini jina lililojulikana kuliko yote ni la Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, ambaye sauti yake ilijazwa juu ya filamu za kila nchi. Kampala wanao wa kwao, huwaita VJ. Mtu huyu hakutafsiri neno kwa neno. Alisimulia, alitania, aliwapa waigizaji mawazo ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota, na New York ikawa na watu wanaoongea kama wa Manzese. Wasomi wengi humdharau mtafsiri. Mimi simdharau hata kidogo, kwa kuwa alimwingiza ndani mama asiyejua Kiingereza wala Kichina, akacheka na kulia mahali panapostahili. Kosa langu naye ni moja tu, hawezi kunyamaza. Ile ya Leone niliyoitaja hupita zaidi ya dakika kumi za mwanzo bila mtu kutamka neno. Kuna upepo, mbwa, nyuso na viatu. Mpe mtafsiri dakika kumi za ukimya, atakuhadithia mpaka ukoo wa mbwa.

Je, basi filamu zitazamwe sinema tu? Hapana. Wengi wetu tusingeona kitu. Tena zipo ambazo, kwa maoni yangu, hukaa vizuri nyumbani kuliko mahali pengine popote. Ya kwanza katika orodha yangu ni 12 Angry Men ya Sidney Lumet, mwaka 1957. Ni dakika 96, chumba kimoja, wanaume kumi na wawili wa baraza la mahakama wakiamua kama kijana auawe au la. Kumi na mmoja wamekwisha amua, mmoja anasema tuzungumze kwanza. Lumet alianza kwa kuiweka kamera juu ya usawa wa macho, kisha akaishusha pole pole, mpaka mwishoni unaanza kuiona dari na chumba kinakuwa kidogo. Ukiitazama katika sebule yenye joto la Januari, umeme ukisitasita na jamaa wamebanana kwenye kochi, unajiona nawe umo barazani. Mara tatu nimeitazama na ndugu zangu, na mara zote tatu imetuacha tukibishana juu ya kesi za ukoo wetu wenyewe.

Kinyume chake ni Lawrence of Arabia ya David Lean, mwaka 1962. Huko Jordan, katika jangwa tupu, nukta nyeusi inaonekana mbali ndani ya mazigazi. Nukta inatetemeka, inakua, inakuwa mtu, mtu anakuwa Omar Sharif juu ya ngamia. Mpigapicha, Freddie Young, alitumia lenzi ndefu ya pekee kwa ajili ya tukio hilo. Kwenye skrini ya sinema unaanza kuogopa ukiwa hujajua unachokiogopa. Kwenye inchi 14 nukta hiyo haipo. Unaona mchanga, kisha ghafla mtu amepigwa risasi kisimani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinionesha filamu hiyo kwenye simu yake akilalamika kwamba haina matukio. Nilimwelekeza kwa kidole nukta ilipo. Akaifuta kwa ukingo wa shati, akidhani ni vumbi.

Siku hizi seti zetu ni bapa na pana, kumi na sita kwa tisa, na ungedhani ugomvi umekwisha. Umegeuka tu. Sasa zinazoteseka ni filamu za kale zenye umbo la mraba. Mwenye nyumba anaona vipande vyeusi kushoto na kulia, anakasirika, anabonyeza kitufe, picha inavutika mpaka ijae. Nimemwona Raj Kapoor wa Awaara, ya mwaka 1951, amenenepa kama mfanyabiashara wa nafaka, na magurudumu ya gari yamekuwa mayai. Na zile pana za kina Leone bado huonesha vipande vyeusi juu na chini, na bado mafundi huitwa kuja "kurekebisha". Vile vipande si ubovu. Vinakuonesha kwamba safari hii picha imeletwa nzima.

Kwa hiyo jioni ya leo, ukikaa kutazama, fungua sehemu ya mipangilio ya picha katika seti yako. Tafuta panapohusu ukubwa au umbo, uondoe uvutaji na ukuzaji, uiache katika umbo lake la asili. Hapohapo utakuta pia kitu kinacholainisha mwendo wa picha, ambacho hubuni picha za ziada kati ya picha na kuifanya filamu ya mamilioni ifanane na taarifa ya habari. Kizime nacho. Kama mipangilio hiyo imekushinda kuipata, mwite mtoto yeyote wa darasa la tano, yeye anajua ilipo.