Ua wa Seng'enge Uliochakaa: Pima Nguzo Kabla ya Kununua Waya

Msafiri apitaye katika mashamba ya Nyandarua, Nandi au Uasin Gishu huona nyua nyingi za seng'enge zilizosimamishwa zamani. Baadhi yazo zingali imara. Nyingine zimelala, na ng'ombe huzivuka wapendapo. Mwenye shamba akiulizwa sababu, mara nyingi hujibu ya kuwa waya umekwisha, naye angojea fedha za kununua mpya. Lakini kosa la kwanza kwa kawaida si la waya, ni la nguzo. Mtu akitundika waya mpya juu ya nguzo zilizooza, fedha zake zimepotea. Mvua chache zitapita, na ua utalala tena.

Hasara ya ua mbovu si ndogo. Ng'ombe wawili wakivuka usiku waweza kuharibu mahindi ya jirani na kuleta kesi isiyokwisha upesi. Tena ng'ombe wa maziwa akichanganyika na mifugo isiyoogeshwa, aweza kurudi na kupe waletao ndigana, ugonjwa uwezao kumwua mnyama kwa majuma machache tu.

Seng'enge yenyewe ina historia fupi. Joseph Glidden, mkulima wa Illinois katika Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1874. Alisokota nyuzi mbili pamoja ili mwiba ushikwe katikati, usiteleze. Katika Kenya, mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipohimiza kuunganisha vipande vya ardhi na kutoa hati za kumiliki, wakulima wengi walianza kuzungushia mashamba yao nyua za miti au za waya. Tangu siku za Glidden kazi ya mwiba haijabadilika: humfundisha ng'ombe asiegemee. Nguvu ya kuzuia yatoka katika waya uliokazwa, na waya hauwezi kukazwa ila nguzo za kona zikiwa hazitikisiki.

KUPIMA NGUZO

Basi, kabla ya kwenda dukani, zunguka ua wote ukiwa na panga na mtaimbo. Fukua udongo kidogo penye kila nguzo, kisha choma mti kwa ncha ya panga mahali unapoingia ardhini. Hapo ndipo nguzo huoza kwanza, kwa kuwa unyevu na hewa hukutana, na mchwa hupapenda. Nguzo yaweza kuonekana nzima juu, kumbe shingo yake imekuwa unga. Panga likizama, itie alama; hiyo ni ya kuondolewa. Ikiwa mti ni mgumu lakini nguzo yayumba, haihitaji kubadilishwa, bali kushindiliwa upya.

Nguzo za mtarakwa, ambao wengine huuita mwerezi, zasifiwa kwa haki, maana kiini chake hakiliwi upesi na mchwa. Lakini miti ya misitu ya Serikali haikatwi bila kibali. Mkaratusi hufaa ukiwa umetiwa dawa ya kuhifadhi mbao. Ukichimbiwa mbichi bila dawa, mchwa huumaliza mapema.

Nguzo ya kona iwe nene kuliko nyingine zote, na ichimbiwe futi 3 kwenda chini. Iwekee mti wa kuegemeza upande ule ambao waya huvuta, na mguu wa mti huo ukae juu ya jiwe bapa lililofukiwa. Ikiwa waya huvuta pande mbili, yapasa miti ya kuegemeza iwe miwili. Nguzo za katikati zaweza kuwa za futi 7, futi 2 zikiwa ardhini, na nafasi ya futi 10 hivi baina ya moja na nyingine. Rudisha udongo kidogo kidogo na kuushindilia kila mara. Kata kichwa cha nguzo mshazari ili maji ya mvua yateremke.

Mti unaoota usipigiliwe waya moja kwa moja. Ukinenepa huumeza waya, na siku ya kuukata, meno ya msumeno huvunjika na mkataji aweza kuumia. Pigilia ubao kwanza, na waya uwe juu ya ubao.

KUPIMA WAYA

Seng'enge hupakwa zinki ili isishikwe na kutu. Zinki ikiisha, kutu huanza kula chuma. Na moto wa nyasi ukipita huiharibu zinki hiyo upesi. Chukua kipande, ukikunje na kukikunjua mara kadhaa. Kisipokatika, wala kutu isipobanduka kama maganda, waya waweza kutumika tena. Kikikatika upesi, usijaribu kuukaza, kwa maana waya uliokatika ukiwa umevutwa hurudi kwa nguvu na waweza kupofua macho.

Mwenye kukaza waya avae glavu za ngozi na viatu vizito, wala asisimame mahali ambapo waya waweza kumrukia. Anayefanya kazi hii mara kwa mara ahakikishe amechanjwa chanjo ya pepopunda.

Kwa ng'ombe watulivu nyuzi 4 zatosha. Penye ndama ni afadhali 5. Waya upigiliwe upande waliko ng'ombe, ili wakiusukuma uegemee nguzo, using'oe misumari. Msumari wa miguu miwili usizamishwe mpaka mwisho, bali uache nafasi ndogo waya uweze kupita unapokazwa tena. Na seng'enge isitiwe umeme kamwe, kwa kuwa mnyama au mtoto akinaswa na miiba hawezi kujinasua.

MABAKI YA WAYA

Hapa ndipo wengi huzembea. Vipande vikiachwa katika nyasi, ng'ombe huvimeza pamoja na majani, kwa maana hatafuni kwa uangalifu. Chuma hukaa katika tumbo la pili, ambalo liko karibu na moyo, na chaweza kulitoboa. Ng'ombe huyo hupunguza maziwa ghafula, huinua mgongo, huguna, na hukataa kuteremka mlimani. Mwite daktari wa mifugo mara moja. Wengine huwapa ng'ombe sumaku ya kukishika chuma tumboni, lakini kinga bora ni kuokota kila kipande siku ileile ya kazi. Waya mbovu uviringishwe na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni.

MPAKA NA JIRANI

Ikiwa ua u juu ya mpaka, mwite jirani kabla ya kung'oa nguzo hata moja. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yamfanya kuwa mkosaji mtu aondoaye au kuharibu alama ya mpaka kwa makusudi bila ruhusa. Nguzo mpya iingie katika shimo la ile ya zamani, jirani akishuhudia. Mkiwa na shaka juu ya mpaka, lipelekeni shauri kwa Msajili wa Ardhi kabla ya kuchimba.

Si lazima kazi yote ifanywe mwaka mmoja. Anza na kona, kisha nguzo zilizotiwa alama, kisha waya uliokufa. Baada ya hapo zunguka ua kila mwezi, na tena baada ya mvua kubwa, ukiwa na koleo, nyundo, misumari michache na kipande cha waya. Palipolegea pakazwe siku hiyohiyo, kabla ng'ombe wa kwanza hajajifunza kupita. Akiisha kujifunza, atawafundisha wenzake.