Kahawa ya Mbozi na mashine ya elfu 45

Baba yangu mdogo amelima kahawa Mbozi tangu sijazaliwa, lakini hadi mwaka juzi nyumbani kwake hapakuwa na kitu cha kuisagia. Mashine ya kumenyea kahawa mbivu anayo, imefungwa kwa boliti juu ya gogo. Tangi la kuvundikia analo. Vichanja vya kuanikia anavyo, na daftari la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lenye kilo za kila msimu halipotei. Kabatini, kando ya sukari, kulikuwa na kopo la kahawa ya kukoroga kutoka dukani, la wageni. Mwenyewe alikunywa chai ya maziwa.

Hakuwa peke yake. Arabika ya Mbozi, Rungwe na Ileje hupanda lori kwenda kukobolewa, hupigwa mnada, na sehemu kubwa yake huishia melini. Mkulima anaijua chulebuni inavyoozesha tunda na kutu ya majani inavyopukutisha mti. Anaweza kukusimulia habari za miche bora ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa yenye kituo pale Mbimba. Ukimuuliza ladha ya kahawa yake, anakutazama kama umemuuliza ladha ya pamba.

Ndipo nikampelekea mashine ndogo ya kusagia kwa mkono. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000, baada ya kutajiwa 60,000.

Tangu siku ile nimepata mazoea ya udadisi. Kila nikikaa na mtu mwenye mashine ya kahawa nyumbani kwake, iwe Uyole kule Mbeya au Kihesa kule Iringa, namuuliza: hii ikifa leo, utanunua nyingine ya aina hiyohiyo? Majibu hutofautiana, ila malalamiko yanafanana mno. Nimeyakusanya hapa pamoja na ya kwangu.

Harufu ya jikoni

Kwa nini mtu ajisumbue kusaga, wakati dukani kuna pakiti iliyokwisha kusagwa?

Punje iliyokaangwa ni kama chombo kilichofungwa. Ndani yake mna gesi iliyozaliwa wakati wa kukaanga, na mafuta yanayobeba harufu. Ikibaki nzima, kwenye chombo kisichopitisha hewa, hukaa wiki kadhaa bila kupoteza mengi. Ukiisaga, hewa huifikia kila upande, na harufu huanza kuondoka dakika ileile. Ile inayojaa jikoni na kumfanya jirani aulize mnapika nini, ndiyo hiyohiyo itakayokosekana kikombeni kesho. Kwa hiyo mwenye mashine, hata ya bei ya chini, akisaga kiasi cha kunywa asubuhi hiyo tu, huipita kwa mbali pakiti ya unga iliyofunguliwa mwezi uliopita. Hapa sijapata mbishi.

Watu wa Nyanda za Juu wana bahati nyingine ambayo wengi hawaitambui. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini karibu 1,600. Kwa mwinuko huo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 au 95 hivi, si 100 kama Tanga. Wajuzi wa kahawa hupendekeza maji ya nyuzi 90 hadi 96. Mtu wa Dar es Salaam anashauriwa aipue birika na kusubiri kidogo ndipo amimine. Mtu wa Forest au Gangilonga anamimina papo hapo.

Kinu, viungo na visu

Kabla ya mashine kulikuwa na kinu. Ethiopia, kahawa ya heshima hukaangwa mbele ya mgeni na kutwangwa hadi leo. Kagera walikwepa kazi hiyo kabisa: Wahaya huchemsha buni na kuikausha, kisha huitafuna. Kwetu kinu kipo karibu kila nyumba, ila kimezoea karanga na vitunguu saumu, na kahawa ni hodari wa kunyonya harufu ya jirani.

Hilo nililijua kwa gharama. Kabla sijamiliki mashine yoyote, nikiwa Iringa, nilipeleka nusu kilo ya kahawa iliyokaangwa kwa msagaji mmoja wa viungo. Kijana akaipangusa mashine kwa kitambaa, akaniambia, "Ondoa shaka, kaka, imetakata." Kwa wiki mbili nilikunywa pilau.

Baada ya kinu wengi huenda kwenye blenda, kile kikombe chake kidogo cha kusagia vitu vikavu, au kwa ndugu yake: kimashine cha umeme chenye visu viwili chini ya mfuniko wa plastiki. Wanaokipenda wanakipendea haraka. Sekunde 20 tu, unawahi daladala. Jioni kinasaga iliki.

Kasoro yake ni kwamba visu havisagi, vinakatakata. Punje iliyo karibu na kisu inapigwa mpaka inakuwa vumbi, na iliyorushwa juu inabaki chenga. Wanaouza mchele wa Kyela na Mbarali wanajua gunia lenye chenga linavyoshuka bei, kwa sababu chenga na punje nzima haviivi pamoja. Kahawa ni vivyo hivyo. Vumbi huachia kila kilichomo upesi, uchungu ukiwemo. Chenga huachia kidogo tu, na kidogo chenyewe ni uchachu. Unapata makosa mawili kwenye kikombe kimoja, na sukari haitibu hata moja.

Wenye visu wamebuni mbinu. Wanabonyeza na kuachia, sekunde mbili mbili, huku wakiitikisa mashine ili chenga zishuke. Wengine huchekecha unga na kurudisha chenga, kama mtu anayetwanga muhogo. Inasaidia, ila zile sekunde 20 zinageuka dakika kumi, na sifa ya haraka imekwisha.

Meno mawili na pengo

Mashine ya meno ni kitu kingine. Ina vipande viwili: kimoja kimetulia, kingine kinazunguka ndani yake, na kati yao pana pengo. Punje haipiti mpaka iwe ndogo kuliko pengo. Ukilibana, unapata unga laini wa kahawa ya kuchemsha. Ukililegeza, unapata wa chengachenga unaofaa chupa ya kubonyeza, ile yenye kichujio cha kusukumia chini.

Wazo si geni. Bibi zetu walisaga ulezi kwa jiwe la juu na la chini. Kule Ufaransa, Peugeot ilianza kutengeneza visagio vya kahawa vya mkono mwaka 1840, karibu miaka 50 kabla ya gari lake la kwanza. Wazee waliobanana kwenye Pijo 504 barabara ya Tunduma walibebwa na jina lililosaga kahawa kabla ya kubeba abiria.

Za bei nafuu ni za kuzungusha kwa mkono, na meno yake ni ya kauri. Hario, kampuni ya vioo ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1921, inajulikana kwa mashine za namna hii, na zinazouzwa kwetu bila jina la maana zimefuata muundo uleule. Sasa malalamiko.

La kwanza ni mkono wenyewe. Gramu 20 hadi 30, za vikombe viwili vya haja, ni dakika mbili tatu za kuzungusha, na kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu kuliko iliyoiva hadi kuwa nyeusi. Kwa mtu na mkewe ni mazoezi ya asubuhi. Wakija wageni sita, ni adhabu.

La pili ni mhimili kuyumba. Kwenye nyingi za bei ya chini jino la ndani halikushikwa sawasawa, kwa hiyo ukilegeza pengo linaanza kucheza: upande mmoja linabana, upande mwingine linaachia. Ukisaga laini, huoni tatizo. Ukisaga chengachenga, vumbi linarudi kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana mnywaji wa kahawa ya kuchemsha anaisifu mashine ileile ambayo mwenye chupa ya kubonyeza anailaani. Wote wawili wanasema kweli. Mashine za mkono zenye meno ya chuma na mhimili ulioshikwa kwa beringi, mfano zile za Timemore ya China, zimeliondoa tatizo hili kwa sehemu kubwa, lakini utalipa mara kadhaa ya ile elfu 45.

La tatu ni kichwa cha mhimili, pale mkono wa kuzungushia unapokaa. Ya kwangu ililika mwezi wa nane. Mkono ukawa unazunguka peke yake kama mtu aliyekwisha acha kazi. Niliipeleka kwa fundi wa vyuma Mwanjelwa.

"Hiki nini, mwalimu?" akauliza, maana Mbeya ukivaa miwani wewe ni mwalimu.

"Cha kusagia kahawa."

Akakigeuza, akakinusa. "Chuma chake laini kama sabuni. Wamekutengenezea uje kununua kingine." Akakata kipande cha bati, akakizungushia kwenye kichwa kile, akagonga mara mbili. Nililipa elfu mbili, na hadi leo kinafanya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa wanaosema ya mkono ni bora hata kama ni dhaifu: fundi yeyote anaiona ilivyo. Ya umeme ikifa, mara nyingi imekufa na siri yake.

La nne ni kokoto. Kauri ni kali ila haina subira. Kijiwe kimoja kilichochanganyika na kahawa iliyoanikwa chini kinatosha kumega jino. Chambua punje kwenye sinia kama unavyochambua mchele, tena kabla ya kukaanga.

La tano ni unga kurukaruka. Kiangazi cha Iringa, hewa ikikauka, ukifungua kichupa unga unang'ang'ania kuta na kukurukia mkononi. Ni umeme tuli unaotokana na msuguano. Dawa yake ni tone la maji kwenye punje kabla ya kusaga, ukizitikisa kidogo. Wanywaji walikuwa wakifanya hivyo siku nyingi, na mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walithibitisha kwamba unyevu kidogo kweli hupunguza umeme huo na unga kugandamana.

Pamoja na yote hayo, wengi wa wenye mashine hizi za mkono hunijibu kuwa wangenunua tena. Umeme ukikatika saa kumi na mbili asubuhi, wao wanakunywa. Mtoto aliyelala chumba cha pili haamki. Na mashine inafunguliwa kwa vidole na kusafishwa kwa brashi kavu, bila kuoshwa.

Onja kwanza

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni aonje kabla ya kutoa pesa. Iringa kuna mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili watu wenye ulemavu wapate kazi. Wahudumu wake wengi ni viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, kinakuja. Upande wa Mbeya kuna Utengule, hoteli iliyo kwenye shamba la kahawa karibu na Mbalizi. Kunywa kikombe kimoja bila maziwa na bila sukari. Ukikiona hakina tofauti na cha kukoroga, bakiza pesa yako, huna kosa. Ukiiona tofauti, chukua ya meno hata kama ni ya kauri, na umwombe muuzaji uzungushe mkono ukiwa dukani. Mhimili ukicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, mrudishie.

Nirudi Mbozi. Nilipompa baba mdogo ile mashine, nilijiandaa kumfundisha. Hakunipa nafasi. Aliifungua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia kati ya meno.

"Pengo kubwa," akasema.

Akakaza nati kidogo, akasaga punje chache, akausugua unga kati ya kidole gumba na cha shahada. Akakaza tena. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimwona utotoni, kila mwanzo wa msimu, ameinama mbele ya mashine yake ya kumenyea, akitupia tunda mojamoja na kuchunguza zinavyotoka. Ukiibana mno inachubua punje, na punje iliyochubuka inashusha daraja. Ukiilegeza inapitisha tunda zima. Alikuwa amezungusha mkono na kupima pengo miaka zaidi ya thelathini, kwa ajili ya kikombe cha mtu mwingine.

Kahawa tuliitwanga kuondoa ganda lile jembamba, mama mdogo akaipepeta kwa ungo na kuikaanga kwenye sufuria. Tukaiacha hadi kesho yake, tukasaga, tukamimina maji ya moto. Baba mdogo akanywa bila kusema kitu. Kisha akamgeukia mkewe.

"Hii umechota gunia la bondeni au la juu?"

"La bondeni."

"Kesho kaanga ya juu."

Nilipokwenda tena mwaka uliofuata, kopo la kukoroga lilikuwa bado pale kando ya sukari. Nyuma yake palikuwa na chupa mbili za jemu zilizojaa punje zilizokaangwa, kila moja imebandikwa karatasi. Moja imeandikwa *bondeni*, nyingine *juu*, kwa mwandiko uleule wa daftari la AMCOS.