SAFARI YA KIPUPWE: TUANZIE KILWA

Kila mwaka, masika yakishapita na upepo wa kusi ukashika njia yake, wakazi wa nyanda za juu huanza kutafuta makoti. Huko Njombe, Makete na Mbeya usiku wa Juni na Julai huwa mkali, na katika uwanda wa Kitulo umande huweza kuganda juu ya majani hata asubuhi. Wakati huo huo pwani huwa katika majira yake mazuri kuliko yote: mvua kubwa zimekoma, joto la mchana ni nyuzi 28 hivi, na usiku mtu hulala pasipo kutafuta kipepeo. Shule nazo hufungwa katikati ya mwaka. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi wa bara, wenye akiba kidogo na siku chache za likizo, huwaza kuteremka pwani waote jua na kuitazama miji ya kale.

Wazo hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini lina kasoro moja ambayo yafaa ielezwe mapema, kabla nauli hazijalipwa. Aghalabu anayepanga safari hiyo huanzia Unguja, na wengi humalizia huko huko. Huyaona majumba ya mawe, husikia habari za masultani na za soko la watumwa, hupiga picha, kisha hurejea kwao akiamini kwamba miji ya pwani ilianza katika karne ya 19 na kwamba ililetwa na merikebu. Imani hiyo yawanyang'anya mababu zetu kazi ya mikono yao.

Rai yetu ni kwamba safari ifuate mpangilio wa historia yenyewe: Kilwa kwanza, kisha Unguja, na Bagamoyo mwisho. Dar es Salaam iwe kituo cha katikati, kwa kuwa mabasi ya kusini, meli za Unguja na magari ya Bagamoyo yote huondokea hapo. Anayetoka Dodoma au Morogoro anayo treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi mwaka 2024. Siku 10 zatosha: 3 za Kilwa, 3 za Unguja, 2 za Bagamoyo, na zilizobaki ziwe za njiani.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni mwendo wa kilometa 300 hivi. Zamani abiria walingoja kivuko cha Rufiji kwa saa nyingi. Tangu mwaka 2003 Daraja la Mkapa limeondoa adha hiyo. Hata hivyo, barabara ya kusini haipendi masika. Mwezi Mei 2024, mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya ziliikata katika maeneo ya Kilwa, na wasafiri wakakwama. Hiyo ni sababu nyingine ya kungoja kipupwe.

Ukifika Masoko, hapana budi upate kwanza kibali katika ofisi inayosimamia magofu, pamoja na mwongoza wageni. Kisha ulizia habari za maji. Kuvuka hadi Kilwa Kisiwani ni safari fupi, lakini kusi huchafua bahari kadiri jua linavyopanda. Mwenye busara huvuka asubuhi. Anayetaka kufika Songo Mnara azidi kuuliza, maana maji yakiwa yamekupwa atalazimika kushuka chomboni na kutembea kwa miguu katika matope ya mikoko. Nahodha wa mashua ajua saa ya kujaa na saa ya kupwa. Mpe yeye kazi ya kupanga ratiba.

Huko kisiwani ndiko kwenye jambo lenyewe. Watafiti wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu waliishi hapo tangu karne ya 9, wakivua, wakilima na kufua chuma, katika nyumba za udongo, kabla ya kujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wageni walikuja na pepo za kaskazi, wakaleta bidhaa na dini, wakaoa na kukaa. Lakini walikuta watu na walikuta mji. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa. Mnamo mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alifika na kuusifu uzuri wa mji huo. Mtawala aliyemkuta, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na kidimbwi cha pembe 8, juu ya jabali litazamalo bahari. Sarafu yake moja ya shaba imepatikana hata katika magofu ya Great Zimbabwe. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji na kuupora, na tangu hapo Kilwa haikurudia ukubwa wake.

Aliyesimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, chini ya kuba zake, akiijua miaka hiyo, ataiona Unguja kwa jicho jingine. Atafahamu kwamba Seyyid Said, alipohamisha makao yake kutoka Muscat katika karne ya 19, alikuja kukaa katika pwani iliyokuwa na miji kwa mamia ya miaka. Atayatazama majumba ya Mji Mkongwe kama sura ya baadaye ya kitabu kirefu. Afike Mkunazini, ambako kanisa limejengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na asipapite kwa haraka. Aitazame pia Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, apate kujua jinsi jengo kubwa linavyoweza kwenda mbele ya macho yetu.

Kwa upande wa gharama, msomaji akumbuke kwamba Julai na Agosti ni msimu wa watalii wa Ulaya visiwani, na bei za vyumba hupanda. Aagize chumba wiki kadhaa kabla, achague nyumba ndogo za wageni ndani ya mji, na achukue kitambulisho chake. Siku zinazokaribia Sabasaba azihofu, kwa sababu Dar es Salaam hufurika wageni wa maonyesho.

Bagamoyo iwe mwisho, maana ndiko pwani inakokutana na bara. Hapo ndipo misafara ya Tabora na Ujiji ilipotua mizigo ya pembe. Hapo Wajerumani waliweka makao yao ya serikali kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Na hapo, mwezi Februari 1874, mwili wa Livingstone ulifikishwa baada ya kubebwa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kila mtalii amjua aliyebebwa. Wachache wajua majina ya Chuma na Susi, walioongoza wabebaji. Msafiri wa bara, ambaye pengine babu yake alipita njia hiyo na mzigo begani, anayo haki ya kuuliza habari za wabebaji. Kisha aende Kaole, kilometa 5 hivi kutoka mjini, akautazame msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Kwa jiwe hilo la Kaole atajikuta amerudi katika zama za Kilwa, na safari itakuwa imekamilika.

Lipo neno la mwisho kuhusu adabu. Kuta hizo ni za matumbawe na chokaa. Mtoto akipanda juu yake, jiwe hubanduka na halirudi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 zikatajwa kuwa hatarini, kwa mawimbi na kwa kuachwa. Kazi ya kuhifadhi, iliyofanywa pamoja na wanakijiji, ndiyo iliyoziondoa katika hatari hiyo mwaka 2014. Usiokote kigae wala sarafu. Vaa nguo za heshima, kwa kuwa watu wangali wakiishi hapo na marehemu wao wamezikwa hapo. Chakula kinunuliwe kwa wenyeji, na nahodha alipwe haki yake.

Viingilio vya raia ni vidogo kuliko vya wageni, na njia zimekuwa nyepesi. Kilichobaki ni kukaa na familia, kuhesabu akiba, na kuamua mapema. Kipupwe ni miezi 3 tu, na mwisho wake hakingoji mtu.