Kutafuta Kopo kwa Setilaiti Miambani mwa Igoma

Tarehe 2 Mei, 2000, Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake za GPS. Kosa la vipokezi vya raia likashuka kutoka mita 100 hivi hadi chini ya 20. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo msituni huko Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake. Ndivyo ulivyoanza mchezo wa jiokeshi: aonaye huandika jina daftarini na kukirudisha kitu mahali pake.

Igoma, mashariki ya jiji la Mwanza, iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo ni mita 1.8 ardhini, kimo cha mtu mrefu. Simu haifikii uhakika huo daima, kwani majabali ya matale huziba baadhi ya setilaiti, na kipokezi huhitaji nne angalau. Mita za mwisho ni kazi ya macho, na hapo watoto huwashinda wakubwa.

Aendaye peke yake aweza kutulia akiwatazama pimbi. Mwenye watoto awakataze kutia mikono nyufani kabla ya kumulika kwa kurunzi, maana nyoka nao hujificha humo. Wala kopo lisifichwe penye makaburi ya Igoma, walikozikwa baadhi ya waliokufa katika ajali ya meli ya Mv. Bukoba, tarehe 21 Mei, 1996.