Ubabe ndani ya kizimba cha sato

Vijana mnaofuga sato kwenye vizimba, huwa mnauliza: vifaranga wameingia siku moja, chakula ni kilekile, mbona wengine wamedumaa? Msikimbilie kulaumu mbegu. Angalieni ubabe.

Kule Ziwa Tanganyika kuna ndugu wa furu wetu, Astatotilapia burtoni. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, akiwemo Russell Fernald, walionyesha kwamba dume mnyonge akipata himaya yake, seli za ubongo zinazotoa homoni ya uzazi hunenepa, akinyang'anywa, husinyaa. Rangi yake hubadilika ndani ya dakika chache tu.

Na mnyonge je? Kotisoli, homoni ya msongo, hupanda mwilini mwake. Hamu ya kula inashuka, kinga inapungua, na pesa ya chakula inazama ziwani. Sisi binadamu tuna homoni hiyohiyo. Kibarua anayefokewa kila siku naye hanawiri.

Basi fanyeni hivi: tenganisheni sato kwa ukubwa mapema, na mrudie kadiri wanavyokua. Chakula kitawanyeni eneo pana, si kona moja, mbabe asikalie sahani peke yake. Mkiona mapezi yaliyochanika, jueni ugomvi umeshaanza.