Fahamu: Programu inayojifunza kutumia tovuti isiyoijua

Pita steshenari ya Ngara mjini au Biharamulo msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB, utamkuta kijana anayewajazia wenzake fomu mtandaoni. Tovuti hizo hakuzisomea popote. Anatazama ukurasa, anabofya, akikosea anarudi nyuma. Tovuti nazo hubadilika. Mwaka 2023 mfumo wa NeST ulipochukua nafasi ya TANePS katika zabuni za serikali, waliokuwa wameuzoea mfumo wa zamani walianza upya: vitufe vingine, menyu nyingine.

Sasa kampuni za akili mnemba zinatengeneza programu za kufanya kazi kama ya kijana huyo. Oktoba 2024 Anthropic ilitoa yake. Januari 2025 OpenAI ikaja na Operator. Programu za zamani ziliandikiwa kila hatua, kitufe kikihamishwa zinakwama. Hizi mpya hupiga picha ya skrini, hukisia kitufe kina kazi gani, hubofya, kisha hutazama tena kilichotokea.

Zinaweza? Katika WebArena, jaribio la 2023 la kufanya kazi kwenye tovuti, programu bora ilikamilisha takriban 14% ya kazi, binadamu 78%. Tangu hapo zimepanda sana, ila bado hukosea huku zikijiamini (kijana wa steshenari angekuwa hivyo, wateja wangemkimbia).

Hatari kubwa ni ukurasa wenye maelekezo yaliyofichwa, ambayo programu huyatii ikidhani yametoka kwako. Usiikabidhi nywila wala namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na kitufe cha mwisho cha kutuma ombi kibofye mwenyewe.